Kuba kama Makazi: Umbo, Vifaa na Mikono ya Fundi

Kuba ni ukuta na paa kwa wakati mmoja. Huanza msingini kama ukuta, hujipinda kuelekea ndani kadiri inavyopanda, na kufungwa kileleni bila kukatika popote. Kila tabaka lake ni duara kamili, kwa hiyo tofali moja haliwezi kuangukia ndani bila kwanza kubanana na majirani zake wa kushoto na kulia. Hiyo ndiyo sababu kuba husimama bila nguzo katikati, bila boriti na bila kenchi. Udongo mkavu, tofali na jiwe huvunjika upesi vikivutwa, lakini vikibanwa huvumilia uzito mkubwa, na ndani ya kuba hupewa kazi inayovifaa.

Hesabu ya umbo lenyewe inaonyesha faida nyingine. Nyumba ya nusu tufe yenye sakafu ya mita za mraba 100 ina nusu kipenyo cha mita 5.64, na ganda lake lote ni mita za mraba 200 hivi. Nyumba ya mraba yenye sakafu hiyohiyo na ujazo uleule wa hewa huhitaji kuta na paa bapa vyenye jumla ya mita za mraba 250. Mjenzi wa kuba ameokoa moja ya tano ya ganda, na jua, baridi na upepo vimepunguziwa uso wa kushambulia. Faida hiyo ni ya kweli, na ndiyo iliyowavutia wabunifu wengi wa karne ya 20. Tatizo ni kwamba wengi wao waliishia kwenye hesabu hiyo.

Udhaifu wa kuba uko chini, si juu. Katika nusu tufe ya mawe au tofali, pete za juu hubanwa na uzito wa kuba yenyewe, lakini kuanzia nyuzi 52 hivi kutoka kileleni pete huanza kuvutwa na kutaka kufunguka kuelekea nje. Hapo ndipo nyufa za wima hutokea. Fundi ana njia tatu za kuzizuia: kunenepesha ukuta, kufunga mkanda wa chuma au zege, au kuliacha umbo la nusu tufe na kuchagua umbo refu lililochongoka. Mnamo 1675 mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke aliandika kwa fumbo kwamba mkunjo wa mnyororo unaoning'inia, ukigeuzwa juu chini, ndio mkunjo wa tao linalosimama kwa kubanwa peke yake. Wamusgum wa kaskazini mwa Kameruni wamejenga nyumba za umbo hilo kwa udongo mtupu, bila hesabu ya maandishi. Ukuta wa nyumba yao ni mnene chini na mwembamba juu, na kileleni huachwa tundu la moshi na mwanga. Nje ya ukuta hufinyangwa vigongo vilivyopangika kwa ustadi. Vigongo hivyo ni pambo, lakini pia ni ngazi: fundi huvikanyaga apandapo kusiriba upya baada ya mvua, navyo huyavunja nguvu maji yanayoteremka. Ni vigumu kupata nyumba nyingine ambamo urembo, uimara na matengenezo vimetimizwa kwa kitu kimoja.

Nchi za Maziwa Makuu zilijenga kuba kwa kusuka. Msonge wa Wahaya, majumba ya wafalme wa Rwanda na nyumba kuu za Buganda yote yalikuwa na fito zilizopindwa, pete za matete au ukindu zilizofungwa kwa kamba, na nyasi nene zilizoshuka hadi karibu na ardhi. Mfano mkubwa uliobaki ni Muzibu Azaala Mpanga huko Kasubi, Kampala. Ni ikulu ya Kabaka Mutesa I iliyojengwa mwaka 1882 na kugeuzwa kaburi lake mwaka 1884. Kipenyo chake cha nje ni mita 31, na pete 52 zilizo chini ya paa zinawakilisha koo 52 za Baganda. Moto uliiteketeza tarehe 16 Machi 2010, ikajengwa upya, na mwaka 2023 UNESCO ikaiondoa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Paa la nyasi lina sifa ambayo wabunifu wa kuba za kisasa waliitafuta kwa shida: halina maungo. Kila shada hulalia shada la chini yake, na tone la mvua huteleza kutoka unyasi mmoja hadi mwingine mpaka nje. Lilichokosa ni uwezo wa kushindana na bati. Bati la migongo hupinda upande mmoja tu, haliwezi kufuata uso unaojipinda pande zote kama wa kuba. Lilipokuja, lilikuja na nyumba yake, yenye kuta nne na paa la mteremko. Kampeni za nyumba bora na ramani za vijiji vya Ujamaa nchini Tanzania miaka ya 1970, pamoja na viwanja vyake vilivyonyooka, zilikamilisha kazi iliyokwisha kuanzwa na duka la vifaa vya ujenzi. Msonge haukushindwa kwa ubovu wa umbo. Ulishindwa kwa sababu nyenzo mpya ilikatwa kiwandani kwa pembe nne, na hilo linaeleza mengi kuhusu mafanikio na maanguko ya nyumba za kuba popote duniani.

Pwani ya Uswahilini ilikuwa na kuba za mawe, ila haikuzifanya makazi ya kawaida. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulipopanuliwa katika karne ya 14, sehemu mpya iliezekwa kwa matao na kuba za mawe ya matumbawe na chokaa. Nyumba za waungwana, kinyume chake, ziliezekwa bapa kwa boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za Lamu na Unguja ni virefu na vyembamba. Penye mikoko tele, kuba ilibaki heshima ya msikiti, kaburi na hamamu, kama ile ya Kidichi, Unguja, iliyojengwa wakati wa Sultani Seyyid Said.

Ukosefu wa mbao ndio uliomsukuma msanifu wa Misri Hassan Fathy kuirudia kuba ya udongo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mbao na chuma viliadimika, na majaribio yake ya kwanza ya kuezeka kwa tofali za udongo yaliporomoka. Jibu alilipata kwa waashi Wanubi wa karibu na Aswan, waliojenga paa la tao bila kiunzi chochote cha kulishikilia. Tofali lao ni jembamba, sentimita 25 kwa 15 kwa 5, lenye makapi mengi ya majani makavu ili liwe jepesi. Kabla halijakauka, fundi huburuta vidole juu yake na kuacha mifereji miwili ya mshazari, ili tope lishike. Mstari wa kwanza huegemezwa kwenye ukuta wa nyuma, kwa kuinama, si wima. Mstari wa pili huegemea wa kwanza, na hivyo kuendelea mpaka tao linafika mbele. Kila tofali hulalia lililotangulia, wala hakuna linalosubiri tao likamilike ndipo lishike. Kwa elimu hiyo Fathy alianza mwaka 1945 kujenga kijiji cha Gurna Mpya, karibu na Luxor, chenye msikiti, soko, shule na nyumba zilizozunguka nyua.

Kijiji hakikukamilika. Watu wa Gurna ya zamani waliishi juu ya makaburi ya kale ya enzi za Mafarao na kupata riziki hapo, na hawakutaka kuhamishwa. Tena machoni pao kuba ilikuwa alama ya kaburi la walii, si ya chumba cha kulala mtu na mkewe. Kitabu cha Fathy kilichochapishwa Chicago mwaka 1973 kiliwafundisha wasanifu wa dunia nzima thamani ya udongo, na mwaka 1980 alipewa tuzo ya heshima ya Aga Khan ya usanifu. Sifa hizo anazistahili. Hata hivyo kijiji chake kinathibitisha kwamba kumjengea mtu nyumba nafuu na nzuri hakutoshi iwapo umbo lake tayari lina maana nyingine katika maisha yake.

Huko Marekani kuba ilichukua njia tofauti kabisa, ya hesabu na kiwanda. Richard Buckminster Fuller, aliyezaliwa mwaka 1895, alitafuta nyumba nyepesi inayoweza kutengenezwa kama gari na kusafirishwa popote. Alichokitangaza ni kuba ya jiodesiki: tufe lililogawanywa kuwa pembetatu nyingi, ambazo kwa asili hazilegei wala kupinda upande kama fremu ya pembe nne. Mjerumani Walther Bauersfeld alikuwa ameshaunda kiunzi cha namna hiyo huko Jena katika miaka ya 1920 kwa ajili ya jumba la maonyesho ya nyota (planetari) la kampuni ya Zeiss, lakini Fuller ndiye aliyeikuza elimu hiyo na kuisajili kwa hataza mwaka 1954. Jeshi la Marekani likazitumia kuba zake kufunika rada za Aktiki, na katika maonyesho ya dunia ya Montreal ya mwaka 1967 ikasimama kuba yenye kipenyo cha mita 76. Kwa kufunika uwanja mpana pasipo nguzo, kwa uzito mdogo, hakuna kilichoizidi. Fuller na mkewe Anne nao waliishi ndani ya kuba ya mbao huko Carbondale, Illinois, tangu 1960 hadi 1971.

Kufunika uwanja ni kazi moja, na kumhifadhi mtu na mvua usiku kucha ni kazi nyingine. Kuba moja ya jiodesiki ya ukubwa uliopendwa na wajenzi wa nyumba ina pembetatu 105, mihimili 165 na vifundo 61. Isipokuwa pembezoni mwa msingi, kila mhimili ni ungo ambapo vipande viwili vya ganda hukutana, na kwenye kila kifundo pembe tano au sita hukutana pamoja. Maungo hayo yanaelekea kila upande, mengine yakiwa karibu bapa juu ya paa, wala hakuna kipande kinacholalia kingine kama nyasi au kigae. Mchana jua hupanua vipande vya upande mmoja, usiku hunywea, na gundi ya kuzibia huachana polepole. Juu ya hayo, ubao wa plaiwudi huuzwa kwa mita 1.22 kwa 2.44, ukikatwa pembetatu, mabaki ni mengi, na hasara hiyo hula ule upungufu wa ganda uliohesabiwa mwanzoni.

Vijana wa miaka ya 1960 na 1970 ndio waliojaribu kwa wingi kuishi humo. Drop City, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1965 karibu na Trinidad, Colorado, ilijenga kuba kwa mabati ya mapaa ya magari mabovu yaliyokatwa kwa shoka. Mapema miaka ya 1970 wakaaji walikuwa wametawanyika. Lloyd Kahn aliongoza ujenzi wa kuba za wanafunzi kwenye shule moja katika milima ya Santa Cruz, California, kisha akatoa vitabu viwili vya mafunzo, mwaka 1970 na 1971, vilivyosomwa sana. Baada ya kuishi ndani ya kuba yake mwenyewe alizuia vitabu hivyo visichapishwe tena, akaibomoa kuba, na mwaka 1973 akatoa kitabu cha Shelter kuhusu nyumba za kienyeji za mataifa mbalimbali. Alieleza waziwazi kasoro alizoziona: uvujaji, plastiki zinazozeeka, na ugumu wa kugawa vyumba. Uaminifu wa namna hiyo ni adimu katika fani ya usanifu, na umewaokoa wajenzi wengi na gharama.

Maungo yakiondolewa, sehemu kubwa ya matatizo hayo huondoka. Katika miaka ya 1940 msanifu Wallace Neff wa California alijenga nyumba kwa kujaza hewa puto kubwa la mpira na kitambaa, kutandaza nondo nyembamba juu yake na kurushia zege kwa pampu. Zege likishakauka, puto hutolewa hewa, huvutwa kupitia mlangoni na kupelekwa kwenye kiwanja kinachofuata. Amerika nyumba hizo zilijengwa chache, lakini huko Dakar, Senegal, zilijengwa zipatazo 1,200. Familia zilipoongezeka, wakaaji wa Dakar waliongeza vyumba vya pembe nne ubavuni, na pole pole kuba nyingi zikamezwa na viambaza au kubomolewa kupisha ghorofa.

David South wa Idaho aliirekebisha mbinu hiyo mwaka 1976 kwa kufanya kazi kutokea ndani. Turubai hujazwa hewa na kubaki kama ngozi ya nje, kisha ndani yake hupulizwa povu la kuzuia joto, hufungwa nondo, na mwisho hurushiwa zege. Kuba ya namna hii haina ungo hata mmoja, na kwa kimbunga na tetemeko la ardhi ni miongoni mwa majengo imara kuliko yote. Baada ya tetemeko la tarehe 27 Mei 2006 karibu na Yogyakarta, kisiwani Java, Indonesia, wanakijiji wa Ngelepen walijengewa kijiji kipya cha kuba za zege, nyumba zaidi ya 70 pamoja na mahali pa kuswalia na zahanati. Nyumba zimedumu, na watalii huja kuziangalia. Wakaaji nao wamejiongezea majiko ya nje kwa mbao na bati, maana jiko la Kijava linahitaji nafasi na njia ya moshi ambayo mchoro haukuitosheleza.

Kuba inayomfaa zaidi mtu wa kipato kidogo ni ile ya mifuko ya udongo iliyokuzwa na Nader Khalili, msanifu aliyezaliwa Iran mwaka 1936 na kufanya kazi Hesperia, California, hadi alipofariki mwaka 2008. Mfuko mrefu wa sandarusi, mfano wa bomba la kitambaa, hujazwa udongo wenye unyevu kidogo uliochanganywa na saruji au chokaa, hulazwa kwa duara na kushindiliwa hadi ugumu. Kati ya mfuko na mfuko hutandazwa seng'enge. Miiba yake huuma mfuko wa chini na wa juu, na waya wenyewe huzuia duara lisifunguke. Ile tiba ya mkanda wa chuma imefichwa ndani ya kila mstari. Umbo hulindwa kwa kamba mbili. Moja imefungwa katikati ya sakafu na kupima kila duara. Ya pili imefungwa chini upande wa pili wa ukuta, nayo hupanga mkunjo unaochongoka kwenda juu. Mtu asiyejua kusoma ramani anaweza kuzifuata kamba hizo bila kukosea. Mbinu hiyo ilitumiwa mwaka 1995 kuwajengea wakimbizi wa Iraq katika kambi ya Baninajar, kusini magharibi mwa Iran, na mwaka 2004 ikapata tuzo ya Aga Khan. Adui wa mfuko ni jua: ukiachwa wiki nyingi bila kupigwa plasta, huchanika na kumwaga udongo.

Miundo mingine isiyo ya kawaida inaweza kupimwa kwa kipimo hichohicho: je, inamfaa anayeishi humo? Nyumba za mchemraba za Piet Blom huko Rotterdam, Uholanzi, zilizokamilika mwaka 1984, zimeinamishwa nyuzi 45, na kwa sababu ya kuta za mshazari karibu robo ya sakafu haitumiki. Mji wa 's-Hertogenbosch, nchini humohumo, una nyumba 50 za tufe kamili zilizobuniwa na Dries Kreijkamp, zenye kipenyo cha mita 5.5 kila moja. Humtosha mtu mmoja au wawili, haiwezekani kuongeza chumba. Futuro, nyumba ya plastiki yenye umbo la kisahani iliyobuniwa na Matti Suuronen wa Finland mwaka 1968, ilikufa kibiashara bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, kwani plastiki yake ilitokana na mafuta hayo. Nyumba za Michael Reynolds huko Taos, New Mexico, zenye kuta za matairi chakavu yaliyoshindiliwa udongo, zinastahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Huvuna maji ya mvua na kutunza joto la jua ukutani, na mahali pa jangwa lenye usiku wa baridi hilo ni jambo kubwa.

Maisha ya ndani ya kuba yana masharti yake. Kabati lenye mgongo ulionyooka huacha pengo nyuma yake. Ukuta wa kugawa vyumba lazima ukatwe kufuata mkunjo, na ukiishia katikati, sauti hupanda juu na kurudishwa upande wa pili, hata mnong'ono wa chumbani ukasikika sebuleni. Harufu ya jiko nayo hupanda mpaka kwenye dari la kulala. Dirisha na mlango hukata pete zinazoshikilia jengo, hivyo kila uwazi huhitaji tao lake au fremu imara, wala hauwezi kutobolewa baadaye kwa matakwa ya mwenye nyumba. Kwa familia ambayo watoto hukua, huoa na kuongeza vyumba, kuba moja kubwa ni chaguo baya. Kuba ndogo kadhaa zilizounganishwa kwa vijia vya matao, au zilizozunguka ua mmoja, hukubali nyongeza bila kudhuru ya kwanza.

Kwa Afrika Mashariki mambo mawili ndiyo yanayoamua: mvua, na tofauti ya joto kati ya mchana na usiku. Ukuta mnene wa udongo huhifadhi ubaridi wa usiku kwa ajili ya mchana, kwa hiyo hufaa Dodoma, Singida, Turkana na nyanda kavu mfano wa hizo. Mwambao wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, ambako usiku nao ni wa joto na unyevu, huhitaji upepo upite kati ya dirisha na dirisha chini ya paa refu. Huko kuba nene ya udongo itamchosha mwenyewe. Tena kuba haina upenu. Masika huipiga kutoka kileleni hadi msingini, na udongo usiochanganywa chokaa au saruji hauwezi kuvumilia. Msingi wa mawe uliopanda juu ya usawa wa ardhi, plasta ya chokaa inayorudiwa kabla ya kila masika, na mfereji wa kuondoa maji kuzunguka nyumba si mapambo ya ziada bali ni sehemu ya jengo. Anayetaka kujenga ndani ya mji apeleke mchoro halmashauri mapema, kwa kuwa kibali cha umbo lisilozoeleka huhitaji mhandisi wa kulitetea. Na kabla ya kuhamishia familia humo, ajenge kwanza stoo au jiko la kipenyo cha mita tatu kwa udongo uleule na mafundi walewale, aliache lipite masika moja kamili, kisha akague nyufa zake, sakafu yake na kilele chake.